Kijivu Hiki Kimetoka Wapi? Somo la Kununua na Kupamba kwa Fanicha za Kale



Somo letu la toleo hili linahusu fanicha kuukuu za rangi ya kijivu. Huenda wengine wenu mtacheka na kusema, "Hawa watu wa maendeleo wamekosa la kuandika? Mbao zilizopauka mpaka zikawa rangi ya majivu si ndizo tunazochemshia chai?" Hata sisi tulicheka mwanzoni. Lakini siku hizi vikundi vingi vinafungua vyumba vya wageni, vibanda vya chai na kumbi za kukodisha, na vijana wetu wameona kwenye simu kwamba wageni wa mjini na wa ng'ambo wanapenda vitu vya kale, hasa vile vilivyopauka. Pesa za kikundi zimeanza kwenda huko, na tayari tumeona zikipotea. Ndiyo sababu tunaandika.

Kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kina wanachama 22. Walichanga kwa miaka 3, wakajenga vyumba vichache vya wageni na banda la chai karibu na barabara kuu. Walipobakiwa na shilingi 46,000 za kununua fanicha, akatokea mwuzaji mmoja na pikapu imejaa. Alisema vitu vyote vimetoka katika nyumba ya mzungu wa zamani aliyeuza shamba akaenda zake. Kulikuwa na meza ya shilingi 11,000, kabati la 14,000, benchi 2 ndefu kwa 12,000, na kitanda cha mtoto cha 9,000. Vyote kijivu, na vilipendeza kweli. Mama mweka hazina alituita tutoe shauri. Tulifika, tukavitazama, tukasema, "Vinafaa." Tunayaandika haya ili ijulikane kwamba kosa halikuwa la mweka hazina peke yake, ingawa baadaye ni yeye aliyesemwa vibaya njiani akienda kuteka maji.

Haikupita wiki mbili. Binti mmoja aliifuta meza kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na kitambaa kikatoka na rangi. Chini yake ilikuwa mbao mpya nyeupe ya saiprasi. Kabati nalo likaanza kumwaga unga sakafuni. Rangi ya kitanda cha mtoto ilikuwa inabanduka vipande vipande, na mmoja wa akina mama alikuwa tayari amenunua msasa aikwangue. Benchi tu ndizo zilizosimama. Wanachama 6 walidai warudishiwe hisa zao, na mkutano ule ulivunjika kabla ya chai.

Tulimtafuta seremala mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana ya misheni. Alikuja na nyundo ndogo na kisu, hakusema neno. Alivipindua vitu vyote kimoja kimoja, miguu juu. Kisha akatuuliza:

"Mama, siku ile mlipokuwa mkinunua, mlivipindua?"

"Hapana, mzee, hatukuvipindua."

"Basi mlinunua uso."

Wahenga wetu walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Vitu vile vilikuwa vya kijivu kwa sababu nne tofauti, na kila sababu ina bei yake. Hebu tuzichukue jinsi mzee alivyotueleza, na mengine tuliyoyasoma wenyewe baadaye.

Kijivu cha jua

Tuanze na benchi, maana ndizo zilizotufurahisha. Mbao yo yote ikiachwa nje bila rangi wala mafuta, iwe ni mvuli, msaji, mwerezi au saiprasi, mwishowe itakuwa ya kijivu. Jua ndilo linaloanza kazi. Ndani ya mti mna kitu kinachofanya kazi kama gundi, kinashikilia nyuzi zake pamoja, na wataalamu hukiita lignini. Mwali mkali wa jua huivunja gundi hiyo pale juu juu tu. Mvua ikija huiosha, na zinazobaki ni nyuzi nyeupe-nyeupe. Ukungu mwembamba mweusi huota juu ya nyuzi hizo, na weupe ukichanganyika na weusi huo, ndicho kijivu chenyewe.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kazi hiyo ni ya juu tu. Kwa miti laini kama saiprasi, mbao iliyoachwa wazi juani na mvuani hupungua unene kama milimita 6 kwa miaka 100, na miti migumu hupungua polepole zaidi. Kwa hiyo benchi inaweza kuonekana kama mzee wa miaka tisini na huku ndani ni kijana. Mzee alichukua kisu akakwangua kidogo sana chini ya kiti, mahali pasipoonekana. Ikatokea rangi ya kahawia iliyoiva, na harufu ya mvuli ikapanda. Akina mama walipiga vigelegele, ingawa mkutano ulikuwa bado wa kununiana.

Kutokana na hayo unapata kipimo cha kwanza. Jua haliingii kila mahali. Kitu kilichopauka kwa jua kitakuwa kijivu upande wa juu na upande uliotazama nje, lakini chini ya kiti, ndani ya droo na nyuma ya ubao uliogusa ukuta kitakuwa na rangi nyingine. Mahali watu walipokalia na kushika kwa mikono patakuwa laini na pameng'aa kuliko pembeni. Ukikuta kijivu kimeenea sawasawa kila pembe, hata ndani ya droo, jiulize jua liliingiaje humo.

Kijivu cha chupa

Hiyo ndiyo iliyokuwa meza yetu. Kugeuza mbao mpya kuwa ya kijivu si kazi ngumu, na tutawafundisha hapa, maana kikundi kinaweza kukifanya kwa haki. Chukua siki na kipande cha ule uzi wa chuma wa kusugulia sufuria, uoshe kwanza mafuta yake, tia vyote ndani ya chupa ya kioo. Usikaze kifuniko, kwa sababu inatoka hewa na chupa inaweza kupasuka. Baada ya siku 2 chuja maji hayo, uyapake kwenye mbao kwa brashi. Chuma kikikutana na ile dawa chungu iliyo ndani ya mti, ileile inayotumika kulainishia ngozi za wanyama, mbao inageuka kijivu au nyeusi mbele ya macho yako. Miti isiyo na uchungu mwingi, kama saiprasi, ipake kwanza chai ya rangi iliyokolea sana, iache ikauke. Jaribu kwenye kipande cha kutupa kabla hujagusa kiti.

Mwuzaji wetu hata hakujisumbua kiasi hicho. Alipaka majivu na gundi iliyoongezwa maji. Siki haina dhambi, wala majivu hayana dhambi. Dhambi ilikuwa katika maneno yake kwamba meza ni ya mwaka 1920.

Mzee alituonyesha alama nyingine pia. Skrubu zenye kichwa cha msalaba zilianza kuenea duniani katika miaka ya 1930. Kitu kinachosemwa ni cha kabla ya hapo, na skrubu zake zote ni za msalaba, kina maelezo ya kutoa. Pengine kilikarabatiwa, pengine ni uongo. Mbao zilizokatwa kwa msumeno wa mkono zina mikwaruzo isiyolingana, na zile za mashine zina mistari iliyojipanga. Meno yanayounganisha pembe za droo yakichongwa kwa mkono hayalingani kabisa. Moja nene, lingine jembamba. Na ukikuta ubao wa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, hicho si cha kale hata mwuzaji akiapa kwa mama yake.

Kijivu cha ugonjwa

Kuhusu kabati hatutasema mengi. Unga ulioanguka chini ulikuwa kazi ya bungua, yule mdudu anayetoboa mbao, ambaye kwingine anaitwa dumuzi. Tundu za zamani zina giza na vumbi ndani; tundu mpya zina midomo myeupe na unga laini kama wa mahindi. Tundu za zamani peke yake si neno. Ukiwa na mashaka, kiweke kitu hicho peke yake mbali na fanicha nyingine, tandaza karatasi safi chini yake, usikiguse kwa wiki 3. Ukikuta unga mpya, mdudu yumo. Kisha gonga miguu kwa nyundo: mbao nzima inalia "ko", iliyoliwa na mchwa inalia kama boga kavu. Choma kisu kwenye miguu mahali ilipogusa sakafu. Kisu kikizama bila nguvu, hicho kijivu ni cha kuoza.

Kijivu cha rangi, na hatari yake

Hapa tunawaomba msome polepole, hasa nyinyi mlio na watoto wadogo au mnaoendesha shule za chekechea.

Kijivu cha kitanda kile kilikuwa cha rangi ya kupakwa, na ya zamani. Kupaka fanicha rangi ya kijivu ni mtindo wenye kwao. Uswidi, katika karne ya 18, mfalme Gustav III aliyetawala kuanzia mwaka 1771 hadi 1792 alipenda mtindo wa jumba la kifalme la Ufaransa, akaupeleka nyumbani. Lakini nchi ile ina miti ya msonobari kuliko dhahabu, na majira ya baridi mchana wake ni mfupi sana. Mafundi wao wakachonga viti na makabati ya msonobari, wakayapaka kijivu chepesi na nyeupe ili mwanga mdogo uliopo uonekane chumbani. Mtindo huo mpaka leo unaitwa kwa jina la mfalme huyo, na picha nyingi ambazo vijana wetu wanaziona kwenye simu zina asili yake huko.

Sasa, kwa miaka mingi rangi nyeupe iliyo bora katika nchi za Ulaya na Marekani ilitengenezwa kwa madini ya risasi. Ukiichanganya na masizi unapata kijivu. Risasi ni sumu. Huharibu ubongo wa mtoto, akawa mzito wa kujifunza na mwepesi wa hasira, hupunguza damu, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cho chote cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mapema kama mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo, lakini nchi nyingi zilichelewa. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978. Kwa hiyo kitanda kilichopakwa kabla ya miaka hiyo, na hata baadaye, kinaweza kuwa nayo.

Wakenya tunaijua sumu hii. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga risasi katika mtaa wa watu, watoto wakaugua. Mama Phyllis Omido, aliyewasimamia wenyeji, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Ile ya betri ilitoka kwenye bomba la moshi na watu wakaiona. Hii ya rangi inaingia nyumbani imebebwa na mwenye nyumba mwenyewe, tena ameilipia.

Mtoto anayeota meno hutafuna ukingo wa kitanda. Anayetambaa hushika vumbi la sakafuni akatia vidole mdomoni. Ndiyo maana mzee alipoona msasa mkononi mwa yule mama alisema kwa sauti ambayo hatukuitarajia kwake, "Mwanangu, weka chini hicho!" Ukisugua rangi ya namna hiyo ikiwa kavu, vumbi lake linaenea nyumba nzima. Ukiichoma moto, sumu inapanda na moshi. Ukiikwangua uani, kuku wanadonoa na mayai mnakula nyinyi.

Basi kanuni yetu ni hii: fanicha yenye rangi ya zamani inayobanduka haiingii chumba cha mtoto, wala jikoni, wala haisuguliwi wala kuchomwa, mpaka ithibitishwe haina risasi. Kuna vijiti vya kupimia ambavyo hubadilika rangi vikigusa risasi, ingawa vipimo hivyo vya haraka hukosea mara nyingine. Kipimo cha maabara ndicho cha kuaminika. Kama hamna njia ya kupima, kihesabuni kuwa kina risasi. Mtoto aliyelalia kitanda cha aina hiyo apelekwe hospitali apimwe damu, maana kwa kumtazama tu huwezi kujua. Na mnaponunua rangi mpya, someni mkebe: uwe umeandikwa kwamba haina risasi.

Akina mama wale walikifunga kitanda ndani ya karatasi ya nailoni, wakafuta sakafu kwa kitambaa kilicholowa, wakakiweka stoo wakingoja shauri la ofisi ya NEMA ya kaunti. Shilingi 9,000 zimelala humo. Mama mmoja alinung'unika kwamba huo ni uharibifu wa pesa, kwamba sisi sote tulilelewa katika vitanda vya namna hiyo. Hatukubishana naye sana. Mjukuu wake alikuwa amelalia kile kitanda usiku mmoja, na yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka kupimwa kesho yake. Majibu yalikuwa mazuri.

Kuhesabu kabla ya kulipa

Bei ya kitu kuukuu si ile anayotaja mwuzaji. Tulikaa na kikundi tukapiga hesabu ya kabati, tukaiandika ubaoni. Bei 14,000. Miguu mipya na ubao wa nyuma 3,200. Dawa ya wadudu 1,300. Kazi ya fundi 3,000. Jumla ni 21,500, na hapo hatujagusa nauli ya pikapu. Fundi wa jua kali wa soko la karibu alikuwa akiuza kabati jipya la ukubwa uleule kwa 18,000. Rahisi inavunja upishi.

Kwa benchi hesabu ilikuwa kinyume. Mzee alisema, "Sahau benchi. Hesabu mbao." Alipima urefu, upana na unene wa kila ubao kama vile ananunua mbao dukani. Mvuli mzuri siku hizi haupatikani kwa urahisi, na tangu mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma, bei za mbao zilitutoa jasho sisi sote. Ubao wa benchi zile peke yake ulizidi shilingi 12,000. Yaani walikuwa wamepata faida bila kujua, na katika meza wamepata hasara bila kujua. Biashara ya namna hiyo ni kamari, na kikundi hakicheki na kamari.

Kwa hiyo nendeni watatu, mmoja awe seremala asiyejuana na mwuzaji. Nendeni mchana, si jioni. Pindueni. Lowesheni kidole mfute. Msilipe yote siku ileile. Andikisheni risiti yenye jina la mwuzaji, nambari ya kitambulisho chake na mahali kitu kilipotoka, ili kesho asije mtu na polisi akisema ni cha marehemu baba yake. Katika mnada, hakikisheni dalali ana leseni. Mwuzaji wetu hakuandika kitu, na simu yake mpaka leo haipatikani.

Kupamba

Mtu akishapata kijivu cha kweli, mara nyingi anakimbilia kukiharibu kwa vanishi. Tulieni. Kama mnataka kijivu kibaki, pigeni brashi kavu, mfute kwa kitambaa chenye maji kidogo, mkaushe kivulini, kisha pitisheni msasa laini mara moja au mbili tu kuondoa vibanzi vinavyochana nguo. Mkizidisha msasa mtafika kwenye kahawia. (Msasa huu ni wa mbao tupu, si ya rangi, tumeshaeleza.) Mafuta ya linsidi ni mazuri kwa mbao, lakini yatageuza kijivu kuwa cheusi-cheusi, kwa hiyo jaribuni kwanza chini ya kiti. Na matambara yenye mafuta hayo msiyakunje mkatupa pembeni: hupata moto yenyewe yakawaka bila kiberiti. Yaanikeni wazi nje au yalowekeni majini.

Vikundi vinavyofuga nyuki vina dawa iliyo bora zaidi. Yeyusheni nta gramu 100 katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, ondoeni mbali kabisa na moto, ndipo mmimine tapentaini robo lita mkikoroga. Ikipoa ni kama siagi. Pakeni kidogo kwa kitambaa, mngoje, msugue. Mbao inabaki na rangi yake karibu ileile, na chai ikimwagika inafutika.

Kuhusu chumba chenyewe, kumbukeni tuliyosema juu ya Uswidi. Wao walitafuta mwanga. Sisi jua tunalo tele nje, lakini vyumba vyetu vingi vina madirisha madogo, sakafu ya saruji na kuta za saruji ambazo hazijapakwa. Mkiweka benchi ya kijivu mbele ya ukuta wa kijivu juu ya sakafu ya kijivu, mgeni atadhani yuko selo. Pakeni ukuta chokaa nyeupe. Kijivu kinapenda majirani wenye joto: leso nyekundu juu ya mto, kiondo cha kahawia ukutani, mkeka, chungu cha udongo chenye majani mabichi. Kitu kimoja au viwili vya kale katika chumba vinatosha. Vikiwa sita, chumba kinafanana na stoo. Vile vitambaa vyeupe vya kufuma ambavyo akina mama wetu hawawezi kuacha kiti bila kukivika, safari hii tuliomba viondolewe katika benchi, maana vilifunika kile kilichonunuliwa. Tulishindwa kura. Vimebaki, na tukubali kwamba havikukaa vibaya.

Wekeni vipande vya tairi chini ya miguu ya fanicha ili isinywe unyevu wa sakafu, na msiegemeze kabati kwenye ukuta unaotoa jasho.

Mti wa kona

Miezi michache baadaye alikuja mwuzaji mwingine. Safari hii alileta kitu kimoja tu, kimefungwa gunia. Kilikuwa mti mrefu uliochongwa, bapa, wenye kichwa cha mviringo na michoro ya pembetatu, umepauka kijivu kizuri kuliko benchi zetu. Alisema ni pambo la kona kutoka Pwani, shilingi 8,000, na kwamba wazungu hulipa mara kumi. Mama mwenyekiti, ambaye sasa alikuwa amejifunza, aliupindua. Sehemu ya chini ilikuwa imeoza, na udongo ulikuwa bado umeshika.

Sisi tuliutambua. Ulikuwa kigango. Wamijikenda, hasa Wagiriama, humsimamishia kigango mzee marehemu aliyekuwa wa chama cha Gohu, na roho ya mzee hukaribishwa pale. Kikishasimama hakihamishwi, jua na mvua vinakila mpaka kioze mahali pake. Kijivu kile ambacho mwuzaji alikisifu ni miaka ya mtu aliyekuwa akikumbukwa na watoto wake. Vigango vingi vimeng'olewa na kuuzwa nchi za nje, vikasimamishwa sebuleni na katika makumbusho. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja akiwa karibu na vigango 2 vya ndugu zake. Vikaibwa baadaye, na miaka ikapita kabla ya kuonekana katika makumbusho mawili ya Marekani. Vilirudishwa mwaka 2007. Mwaka 2019 vikarudishwa vingine 30 kutoka Denver.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali cha serikali. Lakini hata kitu kisichofika umri huo, kama kimetoka kaburini au mahali pa ibada ya watu, hakina bei. Mama mwenyekiti alimwambia mwuzaji, "Kijana wangu, huyu ni baba ya mtu. Mrudishe." Kijana alifunga gunia lake akaondoka. Hatujui alikwenda nacho wapi, na jambo hilo linatusumbua mpaka sasa. Tulipaswa kupiga simu kwa Makumbusho ya Taifa wakati uleule, hatukupiga.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Leteni mkutanoni kiti au kigoda kimoja kuukuu kutoka nyumbani kwa mwanachama. Kipindueni pamoja. Kijivu chake ni cha jua, cha moshi, cha rangi, au cha kuoza? Mmejuaje?

Je, katika nyumba zenu, chekechea au kanisa kuna kitanda, kiti au dirisha lenye rangi ya zamani inayobanduka? Watoto hukaa umbali gani nalo?

Piga hesabu ya kitu kimoja mnachotaka kununua, pamoja na nauli, dawa na fundi. Linganisheni na bei ya kipya.

Mwuzaji akileta kitu kutoka kabila lingine na hamjui kazi yake, mtamwuliza nani kabla ya kutoa pesa?

Kikundi kile bado hakijaamua la kufanya na kitanda kilicho stoo. Wengine wanataka kukiuza kwa bei ndogo ili warudishe japo nusu ya pesa. Kama kingekuwa chenu, na mteja yuko mlangoni na mtoto mgongoni, mngemwambia nini?